Habari Inayopigiwa Kura: Funzo la Televisheni ya Marekani kwa Mwalimu wa Darasa la Sita

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi mmoja aliingia Darasa la Sita akiwa na vipande sita vya karatasi. Kila kipande kilikuwa na habari moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa, zenye kusomeka hata kutoka nyuma ya darasa tulikoketi sisi wakufunzi. Lengo la somo, kama lilivyoandikwa katika andalio lake, lilikuwa kwamba wanafunzi waweze kuchagua habari nne za kubandikwa katika gazeti la ukutani. Alizisoma zote sita kwa sauti, kisha akawataka wanafunzi wanyooshe mikono kwa kila habari waipendayo. Darasa lilikuwa na watoto 58. Nyani aliyeingia katika duka la kijiji na kula maandazi alipata mikono 51. Mchezo wa mpira baina ya shule ile na jirani yake ulipata 47. Harusi ya mwimbaji maarufu ilifuata, na baada yake mbuzi aliyezaa watoto wanne. Bei mpya ya mbegu za mahindi ilipata mikono sita. Tangazo la ofisi ya kata, kwamba maji ya kisima kilicho nyuma ya shule yasinywewe bila kuchemshwa, lilipata mikono miwili.

Mwalimu mwanafunzi alibandika habari nne zilizoshinda, akawapongeza watoto kwa kuchagua wenyewe, na kengele ikalia. Sisi nasi tulimpa alama nzuri. Katika fomu ya tathmini, mahali panapohusu ushirikishwaji wa wanafunzi, tuliandika "vizuri sana", na kwa hakika walikuwa wameshiriki. Wiki iliyofuata tulirudi shuleni hapo kumtazama mwalimu mwingine. Wakati wa mapumziko tuliwaona watoto wa darasa lile lile wameizunguka ndoo ya kisimani, wakinywa kwa zamu.

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya alama ile tuliyoitoa.

Hatumlaumu mwalimu mwanafunzi. Alilolifanya kwa vipande sita vya karatasi limefanywa kwa muda mrefu na watu wenye fedha nyingi na mitambo mikubwa kuliko yeye, nao hawakuliona kuwa kosa. Mahali pa kulichunguza jambo hili vizuri ni Marekani, kwa maana huko ndiko taarifa ya habari ya televisheni ilikopimwa, ikakatwa na kupangwa upya kufuata mikono ya watazamaji kwa zaidi ya nusu karne. Nasi twapendekeza kwamba mwalimu atakayefundisha uchaguzi wa habari, katika somo la Kiswahili au la uraia, aifahamu historia hiyo. Watoto wetu wanatazama televisheni sasa. Zanzibar ilianza kuonyesha mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994, na leo mtoto asiye na seti nyumbani kwao huchungulia kwa jirani au katika simu ya kaka yake.

Ni nani anayehesabiwa, na kwa faida ya nani

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 iliyahesabu mawimbi ya hewani kuwa kitu ambacho mtu hupewa leseni ya kukitumia, wala hakimiliki. Mwenye leseni alipaswa kutumikia maslahi ya umma. Kwa hiyo, televisheni ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, wakuu wengi wa mashirika makubwa waliihesabu taarifa ya habari kuwa wajibu na heshima kabla ya kuihesabu kuwa chumo. Mwezi wa Septemba 1963 mashirika ya CBS na NBC yalirefusha taarifa zao za jioni kutoka dakika 15 hadi 30. Vichekesho na michezo ya kuigiza ndivyo vilivyotegemewa kuleta fedha.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1968 CBS ilianzisha kipindi cha habari za uchunguzi kiitwacho 60 Minutes, na katika msimu wa 1979 hadi 1980 kipindi hicho kilitazamwa kuliko vipindi vyote vya televisheni nchini humo, vichekesho vikiwamo. Jambo la kushangaza ni kwamba kipindi chenyewe kilikuwa cha maana, chenye habari ndefu na maswali magumu. Lakini somo walilolipata wakuu wa vituo halikuwa kwamba watu wanaweza kuipenda habari ya maana. Somo walilolipata ni kwamba habari inaweza kuleta fedha. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaondoa miongozo iliyokuwa ikivitaka vituo vya televisheni vitenge sehemu fulani ya muda kwa habari na mambo ya umma, na kizuizi kimoja zaidi kikawa kimeondoka.

Hapa mwalimu asimame na kuwauliza wanafunzi swali ambalo hata watu wazima hulijibu vibaya: kituo cha televisheni cha biashara kinauza nini? Watoto watasema kinauza habari, au michezo, au picha. Hapana. Mtazamaji wa kituo cha namna hiyo hanunui taarifa ya habari, huipata bure. Mwenye kununua ni mwenye sabuni, mwenye soda, mwenye magari, naye ananunua watazamaji, tena kwa hesabu ya maelfu. Watazamaji wakiwa wengi, dakika moja ya tangazo la biashara hupanda bei; wakiwa wachache, hushuka. Basi hapana budi wahesabiwe.

Kazi hiyo ya kuhesabu imefanywa na kampuni ya Nielsen tangu mwaka 1950. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo iliweka vyombo vya kunukuu katika nyumba zipatazo 1,200 tu ili kuihesabia nchi nzima, hivi kwamba kila nyumba ilisimama mahali pa nyumba nyingine zaidi ya 50,000. Mwaka 1987 kikaja chombo chenye vitufe, ambacho kila mtu wa nyumbani alibonyeza kitufe chake alipoketi kutazama. Katika miji mingi, hata hivyo, hesabu ilitegemea shajara: kijitabu kilichopelekwa kwa posta, ambamo watu wa nyumba waliandika kwa wiki moja kila walichokitazama. Vijitabu hivyo vilitumika katika miji midogo hadi miaka ya 2010. Mtu anayejaza shajara hufanya kama mwanafunzi anayejaza daftari la kazi za nyumbani usiku wa mwisho: huandika anachokikumbuka. Ndiyo maana kila kituo kilijitahidi jina la taarifa yake liingie kichwani mwa watu kama wimbo.

Tena vijitabu hivyo vilikusanywa kila mahali kwa miezi minne maalumu ya mwaka, yaani Novemba, Februari, Mei na Julai. Bei za matangazo zilipangwa kwa hesabu ya miezi hiyo. Mtu aliyekaa Marekani akazoea televisheni yake aliweza kuujua mwezi kwa kutazama habari tu: Februari ikifika, mfululizo wa habari za vitanda vyenye wadudu na madaktari wa uongo ulianza. Wadudu hao hawakuzaliwa Februari.

Watazamaji waliulizwa, nao wakajibu

Kuhesabu peke yake hakumwambii mwenye kituo afanye nini. Kunamwambia tu kwamba jirani yake amemshinda. Kwa hiyo walizuka wataalamu washauri, ambao aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Frank Magid, aliyeanzisha kampuni yake katika jimbo la Iowa mwaka 1957. Kazi yao ilikuwa kuwaendea watazamaji na hojaji, au kuwakusanya katika chumba na kuwaonyesha picha, wakiwauliza: unampenda nani? Unachoshwa na nini? Ungependa kuona nini zaidi? Majibu yalipelekwa kwa mwenye kituo pamoja na mashauri.

Mji wa Philadelphia ni mfano mzuri kwa sababu mambo mawili yalitokea humo. Mwaka 1965 kituo cha KYW kilianzisha taarifa iliyoitwa Eyewitness News, ambamo waandishi wenyewe walionekana wakieleza walichokishuhudia, badala ya msomaji mmoja kusoma karatasi tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo lilikuwa jambo jema, na sisi hatuoni sababu ya kulikejeli. Mwaka 1970 mshindani wake, kituo cha WFIL, akajibu kwa taarifa iitwayo Action News: habari nyingi, kila moja fupi, zikifuatana mbio mbio, na muziki wa kuingilia. Iliyokuwa nyuma ikawa mbele. Mtindo huo ukaigwa mji baada ya mji, kiasi kwamba mgeni aliyesafiri kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine aliweza kukuta majina yale yale, meza zile zile na mizaha ile ile baina ya wasomaji wa habari.

Habari ipi hufaa kusemwa kwa nusu dakika? Moto ulioteketeza nyumba hufaa. Ajali hufaa. Mauaji hufaa sana, maana polisi wapo, taa zao zinazunguka, na jirani analia. Bajeti ya shule za mji haifai. Haina moto wala kilio, na yataka dakika tatu kabla mtu hajaelewa kwa nini mwanawe atakosa mwalimu wa hesabu mwakani. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba shule si muhimu. Urefu wa kipande ndio ulioamua.

Matokeo yake yalionekana wazi katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 waliuawa nchini Marekani watu zaidi ya 24,000. Mwaka 1996 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 20,000. Katika miaka hiyo hiyo habari za mauaji katika taarifa za jioni za mashirika makubwa ziliongezeka mara kadhaa. Mauaji yalipungua mitaani, yakaongezeka sebuleni. Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilichomo katika mji ule ule wa Philadelphia, alitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, akaonyesha kwamba wenye kutazama televisheni kwa saa nyingi huelekea kuiona dunia kuwa ya hatari kuliko wanavyoiona wasioitazama sana.

Hojaji hazikuchagua habari tu. Zilichagua watu pia. Mwaka 1981 Christine Craft, msomaji wa habari katika kituo cha KMBC cha Kansas City, aliondolewa katika kiti chake baada ya wataalamu washauri kuwauliza watazamaji maoni yao juu yake. Yeye alieleza kwamba aliambiwa amezeeka mno, si mzuri wa sura, tena hawanyenyekei wanaume. Alikuwa na umri wa miaka 36. Alishtaki, na mabaraza mawili ya mahakama yalimpa haki, mwaka 1983 na tena 1984, lakini mahakama ya rufaa ikabatilisha. Hakuna aliyedai kwamba habari alizozisoma zilikuwa za uongo. Swali hilo halikuwamo katika hojaji.

Hapo ndipo twaweza kuona kasoro iliyomo katika kura ya namna hii, kasoro ile ile iliyokuwamo katika somo la nyani na kisima. Kura hupigwa kabla ya matokeo. Mtazamaji huulizwa, "Unapenda?" akiwa bado ameketi kitini. Hakuna anayemrudia baada ya wiki na kumwuliza, "Ile habari uliyoipenda ilikufaa nini? Na ile uliyoizima, je, ulikuja kuihitaji?" Aidha, mtu hawezi kuipigia kura habari ambayo hajaisikia, huchagua miongoni mwa vitu anavyovijua, na kazi ya habari ni kumletea asichokijua. Vituo vingine baadaye vilikwenda mbele zaidi, vikawaruhusu watazamaji wapige kura kwa simu au kwa kompyuta kuchagua habari itakayoonyeshwa mwishoni mwa taarifa. Huo ni unyofu kuliko hojaji za siri, lakini kasoro imebaki vile vile.

Jambo lililotokea Chicago

Mwalimu mwanafunzi akifika hapa aweza kufurahi kupita kiasi, akaenda darasani kuwafundisha watoto kwamba wenye televisheni ni wabaya na watazamaji ni wajinga. Tunamwomba kwanza aisome habari ya Chicago.

Mwaka 1997 kituo cha WMAQ cha mji huo kiliamua kumwajiri Jerry Springer atoe maoni yake katika taarifa ya habari ya saa nne usiku. Springer aliwahi kuwa meya wa mji wa Cincinnati na msomaji wa habari mwenye sifa. Lakini kufikia wakati huo alijulikana kwa kipindi ambamo wageni walitoboa siri za nyumbani na kurushiana viti. Ilikuwa Mei, mmojawapo wa ile miezi ya kupimia. Carol Marin, msomaji mkuu wa taarifa hiyo, alijiuzulu, akawaaga watazamaji tarehe 1 Mei. Mwenzake Ron Magers naye akaondoka. Watu wa Chicago walikasirika, na Springer alitoa maoni yake mara mbili tu, kisha akaacha. Mtu akiishia hapo, hadithi inapendeza: watazamaji walikuwa na heshima zao kuliko alivyodhani mwenye kituo.

Lakini haikuishia hapo. Mwezi wa Februari 2000 kituo kingine cha mji huo huo, WBBM, kilimpa Carol Marin taarifa ya saa nne usiku aipange kwa namna aliyoiamini. Msomaji alikuwa mmoja. Mizaha ya mezani iliondolewa. Habari za maana zilipewa dakika zilizostahili, na mauaji yasiyo na maana zaidi ya taa za polisi hayakupewa nafasi ya kwanza. Waandishi wa magazeti walisifu. Watazamaji hawakuja kwa idadi iliyotakiwa. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, kabla ya kutimia miezi tisa, taarifa ile ilifutwa.

Wako waliosema kwamba miezi tisa haitoshi kubadili mazoea ya miaka thelathini. Wengine walisema kwamba wapenzi wa habari nzito walikwisha kuiacha televisheni zamani, wakahamia kwenye magazeti na redio, wala hawakuwapo saa nne usiku kuona kwamba mlango umefunguliwa. Wengine walisema kwa kifupi kwamba ilichosha. Sisi twaona kwamba hoja ya kwanza na ya pili zina nguvu, na kwamba hata ya tatu isidharauliwe na mwalimu, kwani ni nani kati yetu asiyewahi kufundisha jambo la maana kwa namna ya kuchosha? Tangazo la kisima lilisomwa darasani kwa sauti ile ile iliyosomewa bei ya mbegu. Nyani alisomwa kwa vitendo, mwalimu akiigiza anavyotia andazi kinywani.

Kazi ya darasani

Tumelijaribu somo hili katika madarasa mengine, na hapa tutaeleza sehemu zilizofaa.

Zana kubwa ni utepe wa karatasi ya manila wenye urefu wa sentimita 22. Taarifa ya Marekani ya nusu saa, matangazo ya biashara yakiondolewa, hubaki na dakika zipatazo 22. Basi kila sentimita ni dakika moja. Kila kundi la wanafunzi lipewe utepe wake na mkasi. Kwanza wakate sentimita tatu za hali ya hewa na tatu za michezo, maana katika vituo vya miji hayo hayakosekani. Kisha wakate habari zao katika sentimita 16 zilizobaki. Mwalimu asiwaambie habari ipi ni muhimu. Awaache wakate. Mtoto ambaye hajawahi kufikiri kwamba habari huchaguliwa hufikiri mara tu anapoona karatasi imekwisha na habari mbili bado zimo mkononi.

Baada ya hapo, kundi moja liandike habari ya kisima kwa nusu dakika. Kwa usomaji wa kawaida, nusu dakika ni maneno yasiyozidi 70. Wasome, mwenzao akitazama saa. Kisha waandike habari ya nyani kwa muda huo huo. Ya nyani itaenea vizuri na nafasi itabaki. Ya kisima haitaenea: ni kisima kipi, nani amepima maji, mtu afanye nini, kwa nini kuchemsha, mpaka lini. Watalalamika. Malalamiko hayo ndiyo somo lenyewe, wala mwalimu asiharakishe kuyanyamazisha.

Zoezi la shajara hupendwa zaidi. Wanafunzi watano wachaguliwe kwa siri na kuandika kwa siku tatu vipindi vya redio au televisheni vilivyosikilizwa nyumbani kwao. Darasa zima nalo liandike bila kujua nani ni wale watano. Siku ya nne linganisha majibu ya watano na ya wote. Pengine yatakaribiana, pengine yatatofautiana sana. Katika darasa moja, wanne kati ya watano walikuwa watoto wa nyumba zenye umeme, na kwa hesabu yao ilionekana kama kwamba kijijini hakuna mtu asikilizaye redio ya betri. Mwalimu wa hesabu anaweza kulitumia zoezi hili pia, nasi tumemsikia mmoja akitushukuru.

Sehemu inayosahaulika kwa urahisi ni kura ya pili. Kura ya kwanza ipigwe kama yule mwalimu mwanafunzi alivyoipiga, na idadi iandikwe mahali isipofutika. Baada ya siku saba ipigwe tena juu ya habari zile zile, lakini kwa swali lingine: ni habari ipi iliyomdhuru mtu kwa kutoijua? Watoto waulizwe wazazi, wapite kisimani, wamsikilize muuza mbegu. Tofauti baina ya idadi mbili hizo ichorwe ubaoni kwa mistari.

Tahadhari moja yafaa itolewe. Mwalimu asije akakimbia kosa la kura na kuangukia kosa la pili, la kuwa yeye peke yake ndiye mhariri. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wengi wetu tulikulia katika siku za kituo kimoja cha redio, na twakumbuka taarifa zilizoanza na ziara ya kiongozi, zikaendelea na hotuba ya kiongozi, huku habari ya daraja lililovunjika ikingoja mwisho au isifike kabisa. Huko nako hakuna aliyeuliza msikilizaji anahitaji kujua nini. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, hata wewe unachagua unachokipenda," amesema kweli, na astahili kujibiwa kwa sababu zinazopimika, si kwa cheo.

Wala nyani asifukuzwe. Kwa nini nyani aliingia dukani? Tulipouliza swali hilo katika darasa moja, mtoto alieleza kwamba msitu wa upande wa mto ulikatwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya mkaa, na tangu hapo nyani hulala karibu na mashamba. Kicheko kilikoma, na habari ikawa na urefu wa sentimita nne. Habari nyepesi mara nyingi ni habari nzito iliyoachwa njiani kabla ya kufikishwa, na mwalimu mwenye subira aweza kuwaongoza watoto waimalizie.

Tuliwatafuta wale wawili walionyosha mikono kwa ajili ya kisima. Mmoja alikuwa kiranja wa usafi. Wa pili alisema kwamba mama yake ndiye aliyetumwa na ofisi ya kata kulibandika tangazo mtini, naye alimsaidia kushika misumari. Wote wawili waliijua habari ile kabla ya kuisikia darasani, na kwa hiyo waliisikia. Mwalimu anayetaka habari ngumu ipate mikono zaidi ya miwili awatafute watoto wa namna hiyo mapema, awape wao kuisoma.

Mara ya mwisho tulipolifundisha somo hili, kundi moja lilikipa kisima sentimita tano, likakiweka mwanzo, na nyani likampa mbili, mwishoni. Lilipokuwa likionyesha utepe wake mbele ya darasa, mvulana aliyeketi karibu na dirisha aliuliza: "Na watu wakizima kabla ya kisima kwisha?" Zilikuwa zimesalia dakika tatu. Tulifikiria Chicago, tukaona kwamba hatuna jibu la dakika tatu. Mwalimu mwanafunzi aliliandika swali lile ubaoni kwa chaki nyekundu, na kengele ilipolia alikwenda kumwomba mwalimu wa kipindi kilichofuata asilifute.